Siku Mbili Kabondo-Dianda

Msomaji atakayefunua ramani ya Kongo na kuifuata reli kwa kidole kutoka Likasi kwenda kaskazini, atapita Tenke, Lubudi, Luena na Bukama. Atauvuka mto Lualaba. Na kabla kidole chake hakijafika Kamina atakuta jina refu lililoandikwa kwa herufi ndogo, nalo ni Kabondo-Dianda. Wengi tumelipita jina hilo usiku, tumesinzia juu ya mizigo yetu, tukasikia tu kelele za wauza mihogo na karanga chini ya dirisha, kisha gari la moshi likaondoka. Sisi nasi tulilipita hivyo mara tatu zamani za masomo yetu, na kama mtu angalituuliza mji huo ukoje, tusingalikuwa na la kumjibu. Leo tunalo. Mwezi wa Agosti mwaka jana injini ya gari letu ilitufia karibu na mji huo, siku mbili kabla ya siku tuliyoingoja miaka minane, nasi twataka kuwasimulia wasomaji mambo tuliyoyaona huko.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa apewe daraja takatifu ya upadre katika kanisa kuu la Kamina, siku ya Dominika, saa tatu asubuhi. Tangu siku alipoingia seminari kuu, mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, akitia humo faranga kila alipouza mboga sokoni Likasi. Fedha hizo hazikuwa za nguo wala za karamu. Zilikuwa za safari. Mama ana miaka 71, nyonga yake moja ni mbovu, na baba yetu alikwisha kufariki. Hivyo yeye peke yake ndiye angesimama mahali pa wazazi. Tena, kwa kuwa si siri nyumbani kwetu, tutasema kwamba sisi wenyewe tulianza njia ile ile ya seminari, tukaiacha tukashika chaki. Misa ambayo mama aliitazamia kwa mtoto wa kwanza hakuipata. Hii ya pili hakutaka kuikosa.

Gari la moshi la abiria halikuwa na siku ya hakika. Lori zipo, lakini mzee mwenye nyonga mbovu hawezi kukaa juu ya magunia siku tatu. Hapo ndipo alipojitokeza shemeji yetu, mume wa dada yetu, na gari lake.

Shemeji ni fundi wa magari mtaani Kikula, Likasi, na gari lile alilifanya kwa mikono yake mwenyewe. Umbo lake lilikuwa la gari la safari la Kiingereza, la miaka ya 1960, alilolikuta limetupwa nyuma ya karakana, kuku wakitaga ndani. Akaiondoa injini yake iliyokufa, akatia nyingine yenye nguvu zaidi, iliyotoka katika basi dogo la Kijapani lililopinduka. Akalikata bomba la moshi ili ngurumo isikike toka mbali. Akalipaka rangi nyekundu. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitano na, kama dada yetu asemavyo mumewe asipokuwapo, karo ya shule ya mihula miwili. Watu wenye shauku ya namna hii wapo duniani kote. Huko California, katika miaka ya 1930, vijana walikuwa wakiyanunua magari makuukuu ya Ford kwa bei ndogo, wakayavua mabamba yasiyo na lazima, wakayatia injini kali, wakaenda kushindana juu ya maziwa yaliyokauka jangwani. Nao Wamarekani huyaita magari hayo hotirodi. Shemeji aliziona picha zake katika simu. "Wao walianza na gari bovu," alituambia, "nami nimeanza na bovu zaidi." Kwa kweli lilikuwa gari zuri kutazama, na lilikwenda kama mshale.

Kasoro moja tuliijua kabla ya kuondoka. Mishale iliyo mbele ya dereva ilikuwa ya gari la kwanza, nayo haikupatana na injini mpya. Mshale wa joto ulilala pale pale, injini ikiwa baridi au ikichemka. Shemeji alisema ataurekebisha baada ya upadrisho.

Tulitoka Likasi Jumatano kabla ya mapambazuko, watu sita pamoja na watoto wawili, tukiwa na petroli ya akiba, madumu mawili ya maji, kuku wawili, na sanduku la mama ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Agosti ni mwezi mwema wa kusafiri Katanga. Mvua hazijaanza, miti ya miombo yaanza kutoa majani mapya mekundu, na moshi wa nyasi zinazochomwa huonekana pande zote. Lakini barabara, hata ikiitwa kuu, mahali pengi ni njia mbili za magurudumu ndani ya mchanga, na pembeni mwake vichuguu vikubwa kama nyumba. Usiku wa kwanza tulilala njiani. Siku ya pili tulipita Luena, mahali palipochimbwa makaa ya mawe tangu zamani za Wabelgiji, na jioni tukafika Bukama, tukalala kwa jamaa.

Pale Bukama, Ijumaa asubuhi, kijana azibaye matairi alisikia kilio chembamba kikitoka mbele ya gari letu. "Baba, mkanda wenu unalia," alisema. Shemeji akamjibu, "Haulii, unaimba." Tulicheka sote, hata mama.

Yapata saa sita mchana, tukipanda mwinuko mrefu wa mchanga, mkanda ule ukakatika. Hatukujua. Kwa wasiozoea mambo ya magari tueleze kwamba mkanda huo ndio uzungushao feni na pampu ya maji. Ukikatika, maji husimama ndani ya injini, na moto wa petroli huendelea kuwaka. Gari jingine lingalimwonya dereva wake kwa mshale. La kwetu mshale ulilala. Shemeji, akiona nguvu zapungua, akakanyaga zaidi. Punde si punde mvuke mweupe ukafumka mbele, tukasikia harufu ya rangi iliyoungua, kisha mlio kama wa nyundo juu ya debe, kisha kimya.

Kosa la pili lilikuwa letu, na tunaliandika hapa bila kumsingizia mwingine. Shemeji alikuwa bado anafungua mlango, nasi tulikwisha kuruka chini, tukakamata dumu la maji ya baridi, tukakifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, tukayamimina maji yote kwa mara moja. "Mwalimu, hapana!" alipiga kelele. Alikuwa amechelewa. Kichwa cha injini ile ni cha alumini. Kikiwa na joto kali namna ile, kisha kikapigwa na maji ya baridi, hupinda, hata kama ni kwa unene wa ukucha tu, wala hakikai tena sawasawa juu ya mwili wa injini. Tulikisikia kikilia. Mambo ya vyuma kutanuka na kunywea tulifundishwa shuleni, tena tumewafundisha wengine miaka kumi na miwili.

Waliotuondoa pale ni wasukuma baiskeli. Msomaji aliyepita njia za Haut-Lomami anawafahamu watu hawa: baiskeli haina dereva, ina magunia matatu au manne ya mahindi, au vikapu vya samaki wakavu kutoka maziwa ya Upemba, na mtu aisukuma kwa miguu yake siku nyingi. Walikuwa wanane. Wakaegesha mizigo yao chini ya mti, wakamwacha mmoja ailinde, saba wakatusukuma kilometa tatu hata mjini, mama akiwa ndani pamoja na kuku. Tulipowapa faranga walizihesabu kwa makini, wakaturudishia noti moja iliyochanika.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Kabondo-Dianda, kwa mwendo wa miguu, watoto wa mji wakitufuata nyuma kana kwamba ni maandamano ya Ekaristi.

Mji huu umekaa juu ya reli, na ukitaka kuujua huna budi kuanza na reli hiyo. Njia ya chuma ilifika Bukama mwaka 1918, na kwa miaka kumi mwisho wake ulikuwa pale; mizigo ilishushwa na kupakiwa katika meli za mto Lualaba. Mwaka 1928 ikamalizika sehemu ndefu ya kutoka Bukama hata Ilebo kwenye mto Kasai, mji ulioitwa wakati ule Port-Francqui, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akaja mwenyewe kuifungua. Kabondo-Dianda umo katika sehemu hiyo. Mtu wa huko hasemi nyumba yake iko mashariki au magharibi. Husema iko ng'ambo hii ya reli au ng'ambo ile. Sokoni tuliona mihogo mikavu, karanga, mawese katika chupa za bia, na samaki wa kukaushwa waliopangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Kiluba ndicho lugha ya nyumbani, Kiswahili cha biashara. Simu yapatikana, lakini vizuri zaidi ukisimama juu ya kichuguu kimoja nyuma ya soko, na juu ya kichuguu hicho tulipanga zamu na wafanya biashara.

Padre Paroko alimpokea mama, akampa chumba chenye kitanda cha kamba na blanketi mbili, maana usiku wa Agosti kule una baridi. Sisi wengine tulilala garini.

Jioni ile shemeji alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kikatoka cheupe, kama kahawa iliyotiwa maziwa. Hakusema neno, alikifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, kana kwamba mara ya pili kingesema mengine. Kati ya kichwa cha injini na mwili wake hulala gasketi, yaani bamba jembamba lenye matundu, lizuialo maji, oili na moto wa silinda visikutane. Ya kwetu ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na maji yameingia katika oili. Tulipanda kichuguuni, tukapiga simu Kamina kwa wauza vipuli wote tuliotajiwa. Gasketi ya injini ile hawakuwa nayo. Likasi ilikuwapo, lakini kutoka Likasi ni siku mbili na nusu, na siku tulizokuwa nazo ni moja na nusu.

Yapata saa nne usiku gari la moshi la mizigo likasimama stesheni, likielekea Kamina. Vijana watatu wakaja mbio kutuita. Walisema wanamfahamu mtu, na kwamba wakipewa kidogo watampandisha bibi juu ya behewa, wamfunge kwa kamba pamoja na magunia, na kabla ya jua kuwaka sana atakuwa Kamina. Mama alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Alisimama mlangoni kwa Padre, sanduku mkononi, akasema, "Nipandisheni."

Wasomaji wetu wa Katanga hawahitaji kuambiwa jinsi watu wanavyosafiri juu ya mabehewa ya mizigo, na kwa nini. Mwezi wa Aprili 2014 gari la moshi la mizigo lilianguka Katongola, kaskazini ya Kamina, likaua makumi ya watu. Tarehe 10 Machi 2022 jingine lilianguka Buyofwe, katika mkoa wa Lualaba, na waliokufa walikuwa wapatao 75, wengi wao watu waliodandia kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Mmoja wa waliokufa Buyofwe alikuwa mzazi wa mwanafunzi wetu. Tukamkatalia mama. Alituuliza kama sisi ndio tutakaomweleza mtoto wake kwa nini kiti chake ni kitupu. Tukasema ndiyo, ni sisi. Gari la moshi likaondoka. Mama akarudi chumbani akafunga mlango, na tangu saa ile hakusema nasi tena.

Hatuoni fahari kwa jambo lile hata leo. Gari lile la mizigo lilifika Kamina salama.

Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi, Padre Paroko alimleta mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyoungua ncha. Akamsalimu mama kwanza, "Wakomapo, mama." Mama akajibu, "Eyo vidye," maana kwetu ni Uluba, na lile ndilo neno la kwanza tulilolisikia kinywani mwake siku ile. Mzee alikuwa ameifanyia kazi reli miaka 31, akitengeneza mabirika ya mvuke na mabomba, na sasa ni mfua picha za shaba. Kazi hii yajulikana sana Lubumbashi na Likasi. Fundi hulichukua bamba la shaba, huligonga kwa nyuma polepole hata picha ifure kwa mbele, hulipaka dawa ya kulitia weusi, kisha husugua mahali pa juu ping'ae. Katika nyumba nyingi za Wakristo utakuta Karamu ya Bwana iliyofuliwa hivyo. Mzee yule alikuwa akifua Njia ya Msalaba kwa ajili ya kigango kimoja nje ya mji. Vituo kumi na vitatu vilikwisha kutundikwa. Cha kumi na nne, Yesu analazwa kaburini, alikuwa hajakianza. Bamba lake lilikuwa limeegemea ukuta nyumbani kwake.

Aliichukua gasketi iliyoungua, akaipima kwa kiganja, akaigeuza. "Shaba inaweza kazi hii," alisema. Shemeji akashika kichwa: kumbe alilijua jambo hilo! Hata wale Wamarekani wa magari ya mbio huzitia injini zao gasketi za shaba, kwa kuwa hustahimili joto na mgandamizo. Alikuwa ameliona katika simu yake ile ile.

Hapo tuliukumbuka ukurasa mmoja wa historia tunaoufundisha kila mwaka. Kutoka Kabondo-Dianda si mbali sana hata ziwa Kisale, na kando ya ziwa hilo kuna mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuyachimbua makaburi ya kale pale, wakakuta pamoja na wafu vyungu, vikuku na misalaba midogo ya shaba. Si misalaba ya dini yetu. Ilikuwa mali, na mingine fedha ya kununulia vitu, iliyofuliwa karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajaiona nchi hii. Mababu wa watu hawa walijua kuyeyusha shaba. Nasi tulikuwa tumekaa usiku kucha tukilia gasketi ya dukani!

Lakini mzee aliongeza neno. "Bamba si langu tena. Wakristo wa kigango wamelilipia kwa magunia ya mahindi. Waulizwe wao." Padre akampeleka katekista kwa baiskeli. Yapata saa nne wakaja wanne, pamoja na mama mmoja mnene mwenye jembe begani, msimamizi wa akina mama wa kigango, ambaye walimwitia shambani. Walieleweshwa. Wakaitazama injini iliyofunguliwa, wakamtazama mama yetu, wakajitenga kando wakanong'ona muda tuliouona mrefu. Yule mama akarudi akasema, "Mama wa Padre, Padre wako atakuja kusoma Misa kwetu? Kwetu hapajapata kufika padre mpya."

"Bado si Padre," alijibu mama. "Askofu hajamwekea mikono. Lakini atakuja." Alisema hivyo bila kumwuliza mwenyewe.

Basi kazi ikaanza. Mzee alilikata bamba vipande viwili, akaviweka katika makaa ya moto, akavukuta hata vikawa vyekundu, kisha akavitosa majini. Chuma cha pua ukikifanyia hivyo huwa kigumu. Shaba huwa laini, hata waweza kuikunja kwa vidole, na ulaini huo ndio utakiwao, ili ikibanwa kati ya kichwa na mwili wa injini izibe kila mwanya. Akailaza gasketi ya zamani juu yake kama kielelezo, akachora kwa msumari, akatoboa matundu ya boliti, ya maji, ya oili na ya silinda nne, kwa patasi na nyundo ndogo, bila kuharakisha hata pigo moja. Vipande vyote viwili vilikuwa viwekwe pamoja, maana kimoja kilikuwa chembamba mno.

Kukinyoosha kichwa kilichopinda tulipewa sisi tuliokipinda. Mzee alitafuta kioo kikubwa cha dirisha, akakilaza mezani, akakibandika karatasi ya msasa, akatuonyesha: shika kichwa kwa mikono miwili, kisugue juu ya msasa kwa kufuata umbo la namba nane, usikandamize upande mmoja. Tulisugua tangu saa tano hata saa kumi jioni. Kila mara alikuja akaweka rula, akachungulia mwanga chini yake, akasema, "Bado, mwalimu." Viganja vyetu vilitoka damu kidogo. Mama alikuwa amekaa kibarazani na tasbihi yake, mahali awezapo kutuona, wala hakusema kitu.

Mengine yalipatikana kwa bahati na kwa miguu. Mwenye mashine ya kusagia alitupa mkanda wake wa akiba, mrefu kidogo, tukausogeza mwega wa dainamo hata ukakaza. Oili tuliinunua sokoni, chupa kwa chupa. Dada yetu akapika bukari na sombe kwa watu wote, na wale kuku wawili waliokuwa wa Padre mpya wakaishia Kabondo-Dianda.

Saa tatu usiku shemeji alizipaka gasketi zile rangi ya fedha, akakaza boliti, kwanza za katikati kisha za pembeni, mzee akimhesabia. Akatia maji, akatia oili. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka. Tulimulika kwa taa: katika pembe moja palikuwa na tone la maji lililokuwa likikua, likidondoka, likikua tena. Mzee alilitazama tone hilo kwa muda. "Itawafikisha," alisema, "msipoikimbiza." Kuhusu malipo alitaka kitu kimoja tu, bamba jingine la unene ule ule.

Tuliondoka saa nne usiku, kwa mwendo wa baiskeli. Gari lile lililotengenezwa kwa ajili ya mbio halijapata kwenda vile, na shemeji aliliendesha amelikumbatia usukani, dirisha wazi, akisikiliza. Kila nusu saa tulisimama ili kuongeza maji. Safari hii maji yalikuwa ya moto, yaliyobebwa katika chupa za chai za Padre na sufuria iliyofungwa kwa blanketi, na yakiisha tuliwasha kuni kando ya njia tukapasha mengine. Baridi ilikuwa kali. Mara ya tatu au ya nne, tukiwa tumeinama juu ya rejeta, tulisikia sauti ya mama ndani ya giza la gari: "Mwalimu, mimina polepole."

Kulipopambazuka tulikuwa bado porini. Saa tatu, saa ya Misa, twaviona vibanda vya kwanza vya Kamina. Mji ule ni njia panda ya reli, na mwaka 1959 ndipo palipofanywa makao ya jimbo la Kanisa, baada ya kazi ndefu ya mapadre Wafransisko. Kwa hiyo kanisa kuu kila mtoto alijua kutuelekeza. Ilipata saa nne kasoro tuliposimama mbele yake. Watu walikuwa wamejaa hata nje, wamesimama chini ya miti. Shemeji hakuzima injini kwa hofu ya kwamba haitawaka tena, akabaki nayo. Tulimshika mama mikono huku na huku, katika nguo yake ya safari yenye vumbi la siku nne, kwa maana sanduku halikufunguliwa, na watu, walipoambiwa yeye ni nani, wakapasua njia.

Litania ya Watakatifu ilikuwa imeanza. Mashemasi watatu walikuwa wamelala kifudifudi mbele ya altare, na ule wa kwetu tuliutambua kwa nyayo zake. Hivyo hakutuona tukiingia. Mama alipelekwa hata kiti cha mbele kilichowekwa kwa ajili ya wazazi, ambacho kweli kilikuwa kitupu, akakaa, akaitikia pamoja na wote. Litania ikaisha. Wakainuka. Mdogo wetu alimwona mama yake, akatazama chini haraka, akaenda kupiga magoti mbele ya Askofu.

Nje ngurumo iliendelea, hata Masista wakatuma mtu kumsihi shemeji aizime. Aliizima, na kwa kweli haikuwaka tena siku tatu.

Bamba tulilinunua Lubumbashi mwezi wa Oktoba. Lilisafiri kwa gari la moshi pamoja na mdogo wetu, aliyekwenda Kabondo-Dianda mwezi uliofuata kulipa ahadi ambayo hakuiweka yeye. Ametuandikia kwamba alisoma Misa katika kigango kile, akabariki watu hata mikono ikamchoka, na kwamba bamba lilifika limekunjika pembe moja. Mzee amelinyoosha. Wakati wa kuandika barua ile alikuwa amekwisha kuchora kaburi na miguu ya Bwana, na alikuwa akitafuta makaa.